Mahali pa Jiko Katika Nyumba

Kijana akioa husemwa kwamba amepata jiko. Msemo huu umezoeleka mno hata hatujiulizi una maana gani. Lakini ndani yake mna historia ndefu ya kazi, ya nyumba na ya wanawake. Waandishi wetu wameandika mengi juu ya milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, juu ya baraza na mazungumzo ya wazee, juu ya misikiti na makaburi ya Kilwa. Juu ya jiko wameandika machache, ingawa aghalabu ndimo mnamofanywa kazi kuliko chumba kingine chochote, tangu alfajiri hadi usiku. Nadhani sababu yake ni nyepesi: walioandika hawakuwa wakipika.

Mimi mwenyewe nilifikishwa kwenye habari hii na aibu. Miaka michache iliyopita niliikarabati nyumba yangu, nayo ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye ua. Nikaona ni jambo la maendeleo kuliacha jiko la uani na kulijenga jingine ndani, katika chumba kilichokuwa stoo. Fundi akachora, nami nikakubali. Tukajenga meza ya saruji, tukatia sinki na makabati ya mninga. Mke wangu akakitazama chumba kile, akashukuru kwa adabu, kisha akachukua jiko lake la mkaa akarudi uani. Mwaka ule wote chumba kipya kilihifadhi magunia na baiskeli.

Kabla ya kumlaumu, yapasa tuulize jiko la uani lilikuwa limepangwaje. Nyumba ya Kiswahili, kama zile zilizoenea Kariakoo na Ilala, ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Uani ndiko kuliko jiko, maji, choo na kamba za kuanikia nguo. Asiyejua huona vurugu tupu. Lakini tazama vizuri: kinu kimewekwa penye ardhi ngumu, mbali na ukuta wa udongo, kwa sababu kishindo cha mchi huutikisa. Mbuzi ya kukunia nazi imekaa karibu na mtungi, maana tui lataka maji papo hapo. Ungo hupepetewa upande upepo unakoelekea, makapi yasije yakarudi chunguni. Susu yaning'inia juu, paka asipofika. Mpishi akiisha kuketi juu ya kibao chake, vitu karibu vyote anavifikia kwa kunyoosha mkono. Moshi wapaa zake angani, watoto wanaonekana, na mpangaji mwenzake ana mafiga yake hatua chache kando, hata chumvi huazimwa bila mtu kunyanyuka. Huo ni mpango kamili, ila haukuchorwa na mtu karatasini.

Wala tusiwasifu wazee kupita kiasi. Katika majumba ya mawe ya Lamu, jiko aghalabu liliwekwa juu kabisa, darini, chini ya paa la makuti. Moshi na harufu havikuwafikia wenye nyumba, na hatari ya moto ilipungua. Lakini kila mtungi wa maji na kila mzigo wa kuni ulipandishwa ngazi, na kwa karne nyingi waliopandisha walikuwa watumwa. Mpango ule ulionekana mwepesi kwa mwenye nyumba kwa kuwa ngazi hakuzipanda yeye. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, ngazi zikabaki.

Huku bara mambo yalikuwa mengine. Katika misonge mingi moto ulikaa ndani, na moshi ulikuwa na kazi zake: ulikausha nafaka iliyowekwa darini, ukafukuza wadudu walao miti na nyasi za paa, kisha ukapenya polepole kwenye ezeko. Lilipokuja paa la bati, nyasi zikaondoka na kazi za moshi zikaondoka nazo. Moshi wenyewe ukabaki, tena bila njia ya kutokea. Macho mekundu ya mama zetu yalianza zamani, lakini bati halikuyaponya.

Wakoloni nao walikuja na mpango wao. Nyumba nyingi za maofisa zilijengwa na jiko nyuma, mbali na nyumba kubwa, pengine likiunganishwa nayo kwa njia yenye paa. Aliyepika alikuwa Mwafrika, mara nyingi mwanamume, aliyeitwa “boi” hata akiwa na mvi. Dirisha lilikuwa dogo na joto lilikuwa kali, kwani mchoraji hakutarajia kwamba yeye au mkewe watakaa humo. Baada ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, watumishi wa serikali wa Kiafrika walihamia katika nyumba zile, na wake zao wakarithi jiko lililojengwa kwa ajili ya mtumishi wa mtu mwingine.

Kwa wakati huo Marekani na Ulaya zilikuwa zimekwisha kulijadili swali hili kwa miaka mingi. Mwaka 1913 Mmarekani Christine Frederick alichapisha kitabu juu ya utunzaji mpya wa nyumba, ambamo alizichukua kanuni za viwandani za kuokoa mwendo akazipeleka jikoni. Alichora kwa mistari njia anayopita mpishi kutoka kabati hadi meza, kutoka meza hadi moto. Palipo na mpango mbaya, mistari ilipishana kama uzi uliochezewa na paka. Fikra hizo zilisomwa na Margarete Schütte-Lihotzky, mzaliwa wa Vienna na mmoja wa wanawake wa kwanza wa Austria kusomea usanifu wa majengo. Mwaka 1926 yeye ndiye aliyelibuni lile liitwalo Jiko la Frankfurt. Aliyatazama majiko ya mabehewa ya chakula katika treni, ambamo abiria wengi hulishwa kutoka nafasi finyu, akapanga chumba kisichofika mita 2 kwa upana na chenye urefu wa karibu mita 3.5. Humo mlikuwa na meza chini ya dirisha, kiti cha kuzunguka, ubao wa kupigia pasi uliokunjwa ukutani, na vyombo vya alumini vya kuvuta, mfano wa watoto wa meza, vya kutilia mchele na sukari. Majiko kama 10,000 yalijengwa.

Mwanamke huyo, ambaye baadaye utawala wa Hitler ulimtia gerezani tangu 1941 hadi 1945 kwa kuupinga, alikiri uzeeni kwamba alipolichora jiko lile hakuwa mpishi. Waliopewa nyumba waliligundua hilo. Jiko lilimtosha mtu mmoja tu. Binti hakuweza kumsaidia mama yake bila kugongana naye.

Ndipo habari hii inaporudi kwetu. Mkuu wa mpango ule wa Frankfurt, Ernst May, alikuja Tanganyika mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akahamia Nairobi akaendelea na usanifu. Jengo la Makumbusho ya Uganda mjini Kampala ni kazi yake. Kwa hiyo fikra ya jiko la kupimwa kwa hatua haikutufikia kwa vitabu tu. Mmoja wa wenyewe aliishi miongoni mwetu karibu miaka 20.

Niliposoma habari hizo nilichukua daftari, nikaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikamwomba mke wangu apike wali wa nazi na samaki katika jiko langu jipya mara moja tu, nami nihesabu. Alipita hatua zaidi ya 200. Sinki lilikuwa chini ya dirisha, moto katika pembe isiyo na hewa, na stoo ya unga ng'ambo ya ukumbi. Meza ilikuwa imejengwa kwa kimo cha fundi. Mlango ulielekea sebuleni, ili wageni waone makabati.

Safari ya pili tulianza na maneno yake. Tulitoboa mlango wa kwenda uani. Moto wa gesi ukahamia penye dirisha, na juu ya dirisha tukaacha matundu ya kutolea mvuke. Meza ikavunjwa, ikajengwa upya chini kidogo ya kiwiko chake, ikafuata mwendo wa kazi: penye unga na mchele, kisha penye maji, kisha pa kukatia, mwisho motoni. Karibu na mlango tukajenga kibaraza cha chini, chenye mfereji wa kutolea maji, kwa ajili ya mbuzi na kuparia samaki, kwa kuwa kazi hizo hufanywa kwa kuketi na hakuna kabati litakalozibadili. Kinu kilibaki nje. Jiko la mkaa pia lilibaki, chini ya kipaa, kwa ajili ya maharage, maana gesi ni ghali. Hilo linanisumbua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Lakini maharage hayasomi mikakati.

Makabati ya mninga ya juu hayakuondolewa. Mke wangu hayafikii, akanipa mimi. Nimeweka humo madaftari yangu ya mashairi, nayo yanaanza kunuka vitunguu.