Mzazi Anapotusahau: Furaha na Ushirika katika Kumtunza Mzazi Mwenye Ugonjwa wa Kusahau



Katika familia nyingi za parokia zetu yupo mama au baba ambaye jioni husimama mlangoni akisema anataka kwenda nyumbani, ilhali yupo nyumbani kwake. Huulizia ndugu waliokwisha kuzikwa, na binti yake humwita kwa jina la shangazi. Wanaomtunza hujikuta wakimwombolezea mtu aliye hai. Kwa ajili yao tunaeleza hapa kwa ufupi ugonjwa huu ni nini, Kanisa linafundisha nini, na ni kwa njia zipi mtoto na mzazi wanaweza kuendelea kufurahiana hata kumbukumbu zinapofifia.

Ugonjwa, si laana

Madaktari huiita hali hii dimenshia. Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la jumla la magonjwa yanayoharibu ubongo na kudhoofisha kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa mtu kujihudumia. Unaoongoza kwa wingi ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na kiharusi au kuharibika kwa mishipa midogo ya damu ya ubongo. Ndiyo maana kudhibiti shinikizo la damu na kisukari ni sehemu ya kinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, na walio wengi wapo katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Ni wajibu wetu kusema wazi: ugonjwa huu si uchawi, si laana ya ukoo, wala si adhabu ya dhambi. Hapa Tanzania, hasa katika Kanda ya Ziwa, wazee, na zaidi akina mama, wamewahi kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mzee anayetangatanga usiku au kusema peke yake hutiliwa shaka upesi. Mwamini anayeujua ukweli na kuusema mbele ya majirani anaweza kuokoa uhai wa mtu.

Tena, si kila kusahau ni dimenshia. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na hata baadhi ya dawa huweza kuleta hali inayofanana nayo, na mengi ya hayo hutibika. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe hospitali bila kukawia. Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au kiharusi.

Mafundisho ya Kanisa

Katika kuifafanua amri ya nne, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2218, inawakumbusha watoto waliokwisha kukua wajibu wao wa kuwasaidia wazazi kwa mali na kwa moyo wakati wa uzee, ugonjwa, upweke na dhiki. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zinapompungukia, wala asimdharau kwa kuwa yeye mwenyewe angali na nguvu. Maandiko Matakatifu basi yaliijua hali hii tangu kale.

Nabii Isaya, katika sura ya 49, anauliza kama mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye. Kisha Bwana anaahidi kwamba hata hilo likitokea, Yeye hatatusahau. Kwa familia hizi, maneno hayo si mfano tu, kwa maana mama amesahau kweli. Hata hivyo hadhi yake haikutegemea kumbukumbu zake kamwe. Inatoka kwa Mungu aliyemwumba kwa sura yake, na jina analolisahau yeye mwenyewe linakumbukwa na Mungu.

Njia za kukutana

Kumbukumbu za karibuni ndizo hutangulia kupotea. Za utotoni na ujanani hudumu zaidi. Nyimbo, sala za kila siku na kazi zilizozoeleka mikononi hukaa muda mrefu. Tena hisia hubaki baada ya tukio kusahaulika: mama aliyetembelewa asubuhi huenda asikumbuke mgeni mchana, lakini faraja aliyoipata bado imo moyoni mwake. Kadhalika uchungu wa kukaripiwa.

Kwa hiyo, tusimtahini mzazi kwa kumwuliza, “Unanijua mimi ni nani?” Tuanze na salamu: “Shikamoo mama, ni mimi, kitinda mimba wako.” Wapo wazazi wasiokumbuka tena majina ya watoto wao, lakini huitikia “marahaba” kwa uso uleule wa zamani. Katika neno hilo moja yeye bado ni mzazi, nasi bado ni watoto.

Anaposema anataka kwenda nyumbani, tusibishane naye. Tumwulize nyumbani kulikuwaje, nani alikuwa akichota maji, shamba lilikuwa upande gani. Mara nyingi anachokitafuta ni usalama wa siku zile, na masimulizi humrudishia sehemu yake. Tumpe kazi anayoiweza, kama vile kuchambua mchele au kukunja nguo, hata kama tutairudia baadaye kwa siri. Tuimbe naye nyimbo za Mama Maria alizozijua ujanani, tukashike rozari pamoja. Akicheka, tucheke naye. Kamwe tusimfunge kamba wala kumfungia ndani peke yake.

Sakramenti Takatifu

Ugonjwa huu haumwondoi mwamini katika meza ya Bwana. Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inawaruhusu wazee, wagonjwa na wale wanaowahudumia kupokea Ekaristi hata kama wamekula kitu ndani ya saa moja iliyotangulia. Asiyeweza kumeza Hostia, kanuni ya 925 inaruhusu, panapo lazima, Komunyo katika umbo la divai pekee. Nayo kanuni ya 1004 inafundisha kuwa Mpako wa Wagonjwa hutolewa kwa mwamini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na waweza kurudiwa hali yake ikizidi kuwa mbaya. Tusingoje saa ya mwisho kumwarifu paroko.

Anayetunza naye atunzwe

Furaha tunayoisema haifuti machozi. Kuchoka na kukasirika huwapata hata wanaopenda sana. Anayejikuta amepaza sauti aombe msamaha, apumzike, aanze tena. Lakini mara nyingi mzigo wote huachiwa binti mmoja, huku ndugu wengine wakituma fedha na lawama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndugu wagawane zamu, na Jumuiya Ndogo Ndogo zipange watu wa kukaa na mgonjwa walau saa chache kila juma, ili mtunzaji aende Misa, alale, au aende sokoni kwa utulivu.

Wanafunzi wa Emau walitembea na Bwana bila kumtambua, na Yeye hakuwaacha njiani. Alifuatana nao, akazungumza nao, akaketi nao mezani. Nasi tufuatane hivyo na wazazi wetu wasiotutambua. Leo jioni, kabla ya kumwuliza mzazi chochote, tuketi karibu naye, tumshike mkono, tumwamkie. Mwenyezi Mungu awabariki wote wanaotunza, na wote wanaotunzwa.