Ukuta Kati ya Muulizaji na Mtengenezaji

Mwanzoni, katika uandishi wa programu za kompyuta, hapakuwa na mtu wa kumtenga na mwingine. Mwaka 1955, wenye kompyuta za IBM wa eneo la Los Angeles walipokutana na kuunda chama cha SHARE, mtumiaji na mwandishi wa programu walikuwa mtu yule yule: mashine ilifika karibu tupu, na kila aliyeinunua alijiandikia programu zake, kisha akabadilishana na wenzake. Linus Torvalds naye alipotangaza kazi yake ya Linux tarehe 25 Agosti 1991, alikuwa akiongea na wapenzi wa mfumo wa Minix, watu wasioogopa kufungua msimbo na kuuchokonoa. Hata Apache, seva ya wavuti iliyokuja kutawala intaneti, ilianza vivyo hivyo. Rob McCool, mwandishi wa seva ya taasisi ya NCSA, aliondoka katika taasisi hiyo mwaka 1994, na seva yake ikabaki bila mlezi. Waliokuwa wakiitumia wakaanza kuziba matundu wenyewe, kila mtu kwenye mashine yake, na Februari 1995 wanane kati yao wakaanza kukusanya viraka hivyo pamoja kwa barua pepe; hapo Apache ikazaliwa.

Kilichovunja umoja huo ni mafanikio. Kufikia Aprili 1996 Apache ilikuwa seva inayotumika kuliko zote duniani, na wengi wa waliokuwa wakiiweka kwenye mashine zao hawakuwa na haja wala uwezo wa kugusa msimbo. Wao walitaka seva iwake. Waanzilishi wakabaki na kundi lao la barua pepe, ambamo viraka vilijadiliwa na kupigiwa kura, na maswali ya namna ya kuiendesha yakaelekezwa kwenye mabaraza ya Usenet. Wapo wanaousoma uamuzi huo kama majivuno ya mafundi, lakini hesabu inasema vingine. Utafiti wa Mockus, Herbsleb na Fielding, ambaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Apache, ulionyesha kwamba watu karibu 400 walichangia msimbo, ila 15 tu wa mbele walifanya zaidi ya asilimia 80 ya mabadiliko. Walioripoti matatizo walizidi 3,000. Na hao 15 walikuwa watu wa kujitolea, wenye ajira zao kwingine. Wangeketi kujibu kila aliyebisha hodi, hiyo seva yenyewe nani angeiandika?

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa Eric Raymond, aliyeshauri mwaka 1997 kwamba watumiaji wahesabiwe kuwa watengenezaji wenza. Ushauri mzuri, ila unamfaa mtumiaji anayekuja na kosa alilokwisha kulichunguza. Aliyesahau mahali faili la mipangilio lilipo ana haja nyingine. Je, huyu wa pili aliachwa yatima? Karim Lakhani na Eric von Hippel waliyachunguza mabaraza ya Apache, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Waliojibu walikuwa watumiaji wenzao, na asilimia 98 ya juhudi zao ilitumika kusoma maswali na majibu ya wengine ili wajifunze wenyewe; kuandika jibu kulichukua dakika chache tu. Kwa mtu anayejifunza, baraza la maswali ni darasa. Kwa aliyeandika msimbo huo kwa mkono wake, ni marudio yasiyokwisha.

Lakini katika jambo moja wakosoaji wana haki. Watu hamsini wakikwama mahali pamoja, huo si ujinga wa watu hamsini, ni kasoro ya mwongozo au ya programu yenyewe, na mtengenezaji asiyeingia barazani hataisikia kamwe. Tena mgawanyo huo ulidhani kuna aina mbili tu za watu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, kazi ya wafasiri wake haikuwa kuandika msimbo, na bado kila neno walilochagua liliingia ndani ya programu. Watu kama hao ungewaweka baraza lipi?

Kwa hiyo naona ukuta ule ulikuwa wa haki kwa sharti moja: uyatenge maswali, usiwatenge watu. Nyumba ya Pwani huwa na baraza nje, na mgeni aliyeketi pale hakudharauliwa; angedharauliwa kama angejua kwamba mlango hautafunguliwa maishani. Apache iliuacha wazi. Majadiliano ya watengenezaji yanasomwa na yeyote, na yeyote anaweza kujiunga. Mradi unaofungia mazungumzo hayo chumbani hauna haki ya kujitetea kwa mfano wa Apache. Miradi mingi ya Apache Software Foundation, taasisi iliyosajiliwa mwaka 1999, ingali na anwani mbili za barua pepe hadi leo: moja ya watumiaji, moja ya watengenezaji, na zote mbili zinapokea mtu yeyote.