Nadir Haroub 'Cannavaro': Kitasa wa Jangwani aliyevuliwa kitambaa Stars

Kariakoo ndiyo nyumbani kwa klabu mbili kubwa za Tanzania. Yanga, iliyoanzishwa 1935, ina jengo lake makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Simba, iliyozaliwa mwaka mmoja baadaye, iko Mtaa wa Msimbazi. Kutoka jengo moja hadi jingine ni mwendo wa miguu tu. Katika eneo hilo dogo, mchezaji anaweza kubebwa mabegani wiki hii na kuzomewa wiki ijayo.

Mabeki ndio wanaoonja zaidi machungu hayo. Straika akikosa mara tano na kufunga mara moja, anaitwa shujaa. Beki akiokoa mara tano na kuteleza mara moja, meza zote za kahawa zinamjadili yeye.

Nadir Haroub Ali, maarufu 'Cannavaro', aliingia Yanga 2006 na kutundika daluga 2018 akiwa hapohapo Jangwani. Hii ndiyo safari yake kwa ufupi.

Kutoka Malindi hadi Jangwani

Nadir alizaliwa Zanzibar mwaka 1982. Kabla ya kuvuka maji kuja Dar es Salaam alichezea Malindi, moja ya klabu kongwe za Unguja.

Jina la 'Cannavaro' linatoka kwa Fabio Cannavaro, beki wa kati aliyekuwa nahodha wa Italia ilipotwaa Kombe la Dunia 2006. Mwaka huohuo Mtaliano huyo alishinda tuzo ya Ballon d'Or, tuzo ambayo mabeki huishia kuitazama kwenye TV.

Mchezo wa Nadir haukuwa wa madoido. Alikuwa beki wa kazi: kuruka mipira ya juu, kukaba mtu, kuondosha hatari na kupiga kelele ili wenzake wakae kwenye mstari. Jezi yake ilikuwa namba 23, na kwa miaka mingi alicheza pembeni ya Kelvin Yondani, Yanga na hata timu ya taifa.

Mzanzibari mwenye timu mbili za taifa

Wengi hawalijui hili vizuri. Zanzibar ina chama chake cha soka na hucheza yenyewe mashindano ya CECAFA. Lakini si mwanachama wa FIFA, kwa hiyo kwenye mechi za kufuzu AFCON na Kombe la Dunia wachezaji wake huvaa jezi ya Taifa Stars.

Ndiyo maana Cannavaro alikuwa na timu mbili za taifa. Kwenye Kombe la Chalenji alikuwa Zanzibar Heroes. Mwaka 2012 mjini Kampala, Zanzibar ilishika nafasi ya tatu kwa kuifunga Tanzania Bara kwa penalti. Waliokuwa wapinzani siku ile ndio haohao aliokuwa akikaa nao kambi moja ya Stars.

Akiwa na Stars, alikuwemo kwenye kikosi cha Mbrazili Marcio Maximo kilichokwenda CHAN ya kwanza, Ivory Coast, mwaka 2009. Tanzania haikuwa imeonekana kwenye fainali za Afrika tangu AFCON ya 1980 kule Lagos. Stars ilifungwa 1-0 na Senegal, ikawafunga wenyeji 1-0, ikatoka 1-1 na Zambia. Ilitolewa hatua ya makundi, lakini iliruhusu mabao mawili tu katika mechi tatu.

Bao la Al Ahly

Mwulize shabiki yeyote wa Yanga kuhusu Cannavaro, na bila shaka ataanza na Machi 1, 2014.

Siku hiyo Al Ahly ya Misri ilitua Dar es Salaam ikiwa bingwa mtetezi wa Afrika, tena bingwa mara mbili mfululizo. Mechi ilikwenda bila bao hadi dakika za lala salama. Ndipo beki huyo, aliyepanda mbele kusaidia, alipofunga. Yanga 1, Al Ahly 0. Uwanja wa Taifa ulilipuka.

Wiki moja baadaye, nchini Misri, Al Ahly walirudisha bao hilo hilo moja. Mechi ikaamuliwa kwa penalti na Yanga ikatolewa 4-3. Katika mechi mbili mabingwa wa Afrika walipata bao moja tu kwa mpira wa kawaida, lakini rekodi inaonyesha Yanga ilitoka. Kwa beki, hesabu ndiyo hiyo: unaweza kufanya karibu kila kitu sawa na bado ukarudi nyumbani mikono mitupu.

Upande wa pili haukosekani. Oktoba 20, 2013, Yanga iliongoza 3-0 dhidi ya Simba hadi mapumziko, kisha mtani akarudisha yote, 3-3. Mpaka leo watu wa Msimbazi wakitaka kuwatania watu wa Jangwani, mechi hiyo haikosi kutajwa.

Miaka ya makombe

Cannavaro akiwa nahodha, Yanga ilichukua Ligi Kuu mara tatu mfululizo: 2014/15, 2015/16 na 2016/17. Mwaka 2016 iliongeza Kombe la FA, na mwaka huohuo ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mara ya mwisho Yanga kucheza hatua ya makundi Afrika ilikuwa 1998, miaka 18 nyuma.

Kitambaa kilipoondoka

Septemba 5, 2015, Cannavaro aliiongoza Stars dhidi ya Nigeria jijini Dar es Salaam, mechi ya kufuzu AFCON 2017 chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa. Matokeo yalikuwa 0-0. Kuizuia Nigeria isifunge hata moja ni kazi ya mabeki na kipa, na watu waliondoka uwanjani wakiwa na furaha.

Miezi michache baadaye mambo yalibadilika. Mbwana Samatta alibeba Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kocha akampa Samatta kitambaa cha unahodha wa Stars.

Kisoka, uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Samatta alikuwa kijana, nyota, na njiani kwenda Genk ya Ubelgiji. Lakini Cannavaro hakupendezwa na namna jambo lilivyofanyika, na akatangaza kuachana na timu ya taifa. Mjadala ukawaka mitaani: wapo waliosema kitambaa ni cha kocha kumpa amtakaye, wapo waliosema mtu aliyetumikia miaka yote ile alistahili kuitwa na kuambiwa kwanza.

Hoja zote mbili zina uzito, na ndiyo maana hadithi hii haijasahaulika.

Alivyoaga

Klabuni aliendelea hadi 2018. Agosti mwaka huo Yanga ilimwandalia mechi ya kumuaga mjini Morogoro, dhidi ya Mawenzi Market. Jezi namba 23 akamkabidhi Abdallah Shaibu 'Ninja', beki kijana na Mzanzibari mwenzake. Hakutoka Jangwani moja kwa moja. Alipewa kazi ya umeneja wa timu.

Mabeki hawana orodha ndefu ya mabao ya kuonyesha wajukuu. Cannavaro ana bao moja ambalo hata watani wa Msimbazi wanalikumbuka, na miaka 12 ya mipira aliyoiondosha ambayo hakuna aliyeihesabu.