Orodha Kabla ya Hadithi: Mapenzi Baina ya Wanaume katika Fasihi ya Kubuni ya Kampala, 2005–2024

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya hadithi na tamthilia zinazohusu mapenzi baina ya wanaume, mandhari yake yakiwa Kampala, kuanzia mwaka 2005 hadi 2024. Hoja yake kuu ni kwamba mwanamume anayempenda mwanamume alifahamika kwa wasomaji wa Kampala kwanza kama mshtakiwa, kama jina katika orodha ya gazeti, na kama marehemu jukwaani, kabla ya kupewa nafasi ya kuwa mhusika anayependa na kupendwa. Hali hiyo inaelezwa kwa kuzingatia mambo matatu: simulizi ya kihistoria iliyoyafunga mahusiano hayo na udhalimu wa mfalme, muundo wa uchapishaji, na mwenendo wa sheria. Makala inamalizia kwa kuonyesha athari za hali hiyo kwa hifadhi ya kumbukumbu za fasihi ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Mwaka 2005 Bunge la Uganda lilipitisha marekebisho makubwa ya Katiba ya 1995. Wapenzi wa Kiswahili wanayakumbuka marekebisho hayo kwa sababu ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Kinachosahaulika ni kwamba marekebisho hayohayo ndiyo yaliyoingiza katika Katiba ibara ndogo inayokataza ndoa ya watu wa jinsia moja. Lugha moja ilifunguliwa mlango na aina moja ya uhusiano ikafungiwa, kwa sheria moja na katika mwaka mmoja. Februari ya mwaka huohuo Baraza la Vyombo vya Habari lilizuia onyesho la "The Vagina Monologues" jijini Kampala, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba tamthilia hiyo ilihamasisha ushoga.

Ni sahihi, kwa hiyo, kuanza historia hii mwaka 2005. Katika miaka iliyofuata, mapenzi ya watu wa jinsia moja yaligeuka kuwa suala la Bunge, mahakama, mimbari na magazeti. Swali la makala hii ni la kifasihi: katika kelele hizo zote, hadithi ya mapenzi ilikuwa wapi? Kwa kawaida utanzu huu hujengwa na hatua tatu, yaani kukutana, kikwazo na kuungana. Kazi zinazojadiliwa hapa zina kukutana na zina kikwazo. Hatua ya tatu ndiyo inayokosekana.

2. Urithi wa Namugongo

Uganda haikuwa nchi isiyo na simulizi kuhusu suala hili. Simulizi ilikuwepo tangu karne ya kumi na tisa, nayo husimuliwa upya kila tarehe 3 Juni. Kabaka Mwanga wa Pili alitawazwa mwaka 1884 baada ya kifo cha baba yake, Mutesa wa Kwanza. Kati ya 1885 na 1887 aliamuru kuuawa kwa vijana wengi Wakristo, baadhi yao wahudumu wa ikulu, na waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 ndio wanaokumbukwa zaidi. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu mwezi Oktoba 1964.

Maandishi ya wamisionari yalieleza kwamba mojawapo ya sababu za hasira ya Kabaka ilikuwa kukataa kwa vijana hao kutimiza matakwa yake ya kimwili. Wanahistoria wa baadaye wameongeza sababu za kisiasa: hofu ya wageni waliokuwa wakija kutoka mashariki, ambayo ilikwisha kusababisha kifo cha Askofu James Hannington huko Busoga mwaka 1885, na mashaka kuhusu utii wa vijana waliokuwa sasa na Bwana mwingine. Mjadala huo haujaisha. Lakini kwa historia ya fasihi, jambo lenye uzito ni umbo la simulizi yenyewe. Ndani yake matamanio ya mwanamume kwa mwanamume yana mtu mmoja tu mwenye sauti, naye ni mtawala. Mwingine ni mtumishi mwenye haki ya kukataa na kufa. Simulizi hiyo inazungumzia amri na ukaidi mtakatifu. Mapenzi ya hiari baina ya watu wawili walio sawa hayamo. Mwandishi wa Kampala aliyetaka kusimulia wanaume wawili wanaopendana hakuikuta karatasi tupu. Aliikuta picha ya Kabaka.

Dola ya kikoloni iliongeza tabaka la pili. Sheria ya makosa dhidi ya "mpango wa maumbile", yenye asili katika sheria za Uingereza na za Uhindi ya kikoloni, ilibaki katika Kanuni ya Adhabu ya 1950 na ikaendelea baada ya uhuru, hatimaye ikiwa na adhabu ya kifungo cha maisha. Sheria hiyo ilitaja tendo tu. Neno kupenda halikuwa na mahali ndani yake.

3. Mzambarau wa Nakawa

Hadithi ya kwanza ya Kampala kupata sifa ya kimataifa katika uwanja huu haikuwa ya wanaume. Monica Arac de Nyeko, mzaliwa wa Kitgum na mwanachama wa FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, alichapisha "Jambula Tree" mwaka 2006 katika mkusanyiko wa hadithi za mapenzi uliohaririwa na Ama Ata Aidoo. Mwaka 2007 hadithi hiyo ilipata Tuzo ya Caine. Ni barua ya Anyango kwa Sanyu, wasichana wawili waliokulia katika nyumba za Nakawa, wakafumaniwa chini ya mzambarau, na mmoja akapelekwa London. Mwongozaji wa Kenya, Wanuri Kahiu, aliitumia kama msingi wa filamu ya "Rafiki" ya mwaka 2018. Filamu hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba.

Kwa nini wasichana walitangulia? Jibu moja liko katika taasisi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 FEMRITE ilikuwa imewajengea waandishi wanawake wa Kampala warsha, wahariri na mtandao wa wachapishaji wa nje. Hapakuwa na chombo cha namna hiyo kwa mwandishi aliyetaka kusimulia mapenzi ya wanaume. Jibu jingine liko katika umbo. Urafiki wa karibu wa wasichana unakubalika katika jamii nyingi za kanda hii, na hadithi iliweza kuanzia hapo, ikaingia taratibu katika jambo lisilokubalika. Kwa wanaume, msomaji alikuwa amekwisha kupewa jina la kosa kabla hadithi haijaanza.

4. Orodha za magazeti

Jina hilo lilitolewa hasa na magazeti. Mswada wa Kupinga Ushoga uliwasilishwa Bungeni Oktoba 2009 na mbunge David Bahati. Mwaka mmoja baadaye, gazeti dogo la Kampala lililojiita "Rolling Stone" lilichapisha picha, majina na makazi ya watu liliodai kuwa mashoga, pamoja na wito wa kuwanyonga. Mahakama Kuu iliamua kwamba uchapishaji huo ulikiuka haki ya utu na faragha. Mwezi Januari 2011 mwanaharakati David Kato, mmoja wa walioshtaki gazeti hilo, aliuawa nyumbani kwake Mukono. Februari 2014, siku moja baada ya Rais kutia saini sheria, gazeti jingine lilitoa orodha yake.

Orodha ni utanzu wenye kanuni zake. Ina jina, picha na makazi, lakini haina wakati wala nia, na haina mtu wa pili. Mtu aliyeorodheshwa hakutani na mwenzake, hamsubiri, hamkosi. Kwa muda wa karibu miaka mitano, huo ndio uliokuwa utanzu uliosambaa zaidi jijini kuhusu wanaume hao, na uliuzwa mitaani kila asubuhi pamoja na habari za kandanda.

5. Jukwaa la 2012

Agosti 2012 tamthilia "The River and the Mountain", iliyoandikwa na Mwingereza Beau Hopkins na kuongozwa na Mganda Angella Emurwon, ilionyeshwa katika kumbi ndogo za Kampala. Mhusika wake mkuu, Samson, ni mfanyabiashara ambaye watu wake wa karibu wanajaribu "kumponya" baada ya kujulikana kuwa shoga. Mwishoni anauawa na wafanyakazi wake. Baraza la Vyombo vya Habari lilikuwa limeagiza isionyeshwe kabla ya kupata kibali. Mtayarishaji, David Cecil, alikamatwa mwezi Septemba kwa shtaka la kukaidi amri halali. Kesi ilifutwa Januari 2013 kwa kukosa ushahidi, naye akafukuzwa nchini mwezi uliofuata.

Tukio hilo limejadiliwa zaidi kama suala la uhuru wa kujieleza. Kifasihi, linaonyesha jambo jingine. Hata tamthilia iliyomwonea huruma Samson haikumpa mapenzi. Ilimpa hukumu na kifo. Mtazamaji aliombwa amlilie aliyeuawa, lakini hakuonyeshwa maisha ambayo yangepotea.

Mapenzi yenyewe yalisimuliwa mbali. Mwaka 2015 tamthilia "The Rolling Stone" ya Chris Urch, iliyochukua jina la gazeti lile, ilianza kuonyeshwa Manchester, na mwaka 2019 ikafika New York. Inamhusu Dembe, kijana wa Kampala anayempenda daktari aitwaye Sam wakati kaka yake anapokuwa mchungaji. Hapa wanaume wawili wanakutana, wanacheka, wanaogopa pamoja. Lakini mwandishi ni Mwingereza na hadhira iliyolengwa iko Ulaya na Marekani.

6. Hadithi zilizohamishwa

Mwelekeo huo wa kuhama unaonekana pia katika vitabu. Mkusanyiko wa "Queer Africa", uliochapishwa Afrika Kusini mwaka 2013, ulikuwa na hadithi za Waganda wawili: "Jambula Tree" na "Chief of the Home" ya Beatrice Lamwaka. Hiyo ya pili inamtazama mwanamume ambaye hakai ndani ya mipaka ya uanaume iliyowekwa na kijiji chake. Januari 2014 Binyavanga Wainaina wa Kenya, ambaye mama yake alikuwa na asili ya Uganda, alichapisha mtandaoni insha ya kujitambulisha kwa mama yake marehemu. Sehemu ya msukumo wake ilikuwa wimbi la sheria mpya barani.

Nigeria inatoa ulinganisho wenye mafunzo. Sheria yake ya Januari 2014 pia ni kali. Hata hivyo, riwaya ya Jude Dibia, "Walking with Shadows", ilikuwa imetolewa nchini humo tangu 2005, na mwaka 2022 Arinze Ifeakandu alichapisha "God's Children Are Little Broken Things", mkusanyiko unaosimulia mapenzi ya wanaume kwa upole na undani, uliopata Tuzo ya Dylan Thomas mwaka 2023. Ukali wa sheria, basi, hautoshi peke yake kueleza uhaba wa hadithi. Kinachohitajika pia ni mfululizo: mwandishi wa leo awe na kitabu cha mtangulizi wake mkononi.

7. Lugha inayoficha na lugha inayofichua

Kazi zote zilizotajwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Kiingereza humlazimisha mwandishi kutaja jinsia kila anapotumia kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Kiswahili na Luganda hazifanyi hivyo. "Alimpenda tangu siku ile" ni sentensi kamili ya Kiswahili isiyosema nani ni mwanamume na nani ni mwanamke. "Mpenzi" ni wa ngeli moja na "mtu". Arac de Nyeko alilifikia jambo linalokaribiana na hili kwa njia ya barua, kwa kuwa nafsi ya pili haitaji jinsia hata katika Kiingereza.

Hata hivyo, msamiati wa Kiswahili una mtego wake. "Shoga" katika matumizi ya pwani ni mwanamke rafiki wa mwanamke, na ni neno lenye mapenzi. Linapotumiwa kwa mwanamume hugeuka kuwa tusi au istilahi ya sheria. Mfasiri wa hadithi hizi ataikuta sarufi inayomwachia nafasi na msamiati unaomnyang'anya. Ni suala la kitaalamu linalostahili kuchunguzwa na wanafasiri wa kanda.

8. Sheria ya 2023 na hifadhi ya kumbukumbu

Sheria ya 2014 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti 2014 kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia. Sheria mpya ilitiwa saini Mei 2023. Pamoja na adhabu ya kifungo cha maisha, na ya kifo kwa makosa yaliyoitwa mazito, inaadhimisha kosa la kuhamasisha ushoga, likiwemo kuchapisha na kusambaza maandishi, kwa adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 20. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliondoa vifungu vichache na kuacha sehemu kubwa ya sheria, pamoja na katazo la kuchapisha.

Kwa mtafiti, ugumu uko katika mpaka kati ya kusimulia na kuhamasisha. Hadithi ya mapenzi iliyofaulu humfanya msomaji awatakie wapendanao heri. Kazi inayoishia kwa kifo inaweza kutetewa kuwa onyo, na kazi inayoishia kwa furaha haina utetezi huo. Bila kutaja utanzu wowote, sheria inashinikiza namna hadithi zinavyomalizika.

Athari nyingine ni ya kimya zaidi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere imekuwa maktaba ya amana ya kisheria tangu 1958, na wachapishaji wa Uganda wanapaswa kuipelekea nakala. Hadithi ya Kampala inayochapishwa Johannesburg au Uingereza haifungwi na wajibu huo. Mswada usiochapishwa popote hauhifadhiwi na yeyote. Mwanahistoria wa mwaka 2074 atakayetafuta namna wanaume wa jiji hili walivyopendana atayakuta mashtaka, kumbukumbu za Bunge na magazeti yenye orodha, kwa sababu hivyo vyote vimehifadhiwa vizuri.

9. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haiamui mjadala wa kisheria wala wa kidini. Inaonyesha kwamba nyaraka zinazotumika katika mjadala huo zina upungufu wa aina moja: zina mtuhumiwa na hazina mpenzi. Mambo matatu yanaweza kufanyika ndani ya kanda bila kusubiri mjadala uishe. Maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zikusanye kazi za waandishi wa kanda zilizochapishwa nje, kwa matumizi ya utafiti. Washauri wa sera wapendekeze tafsiri ya wazi inayotofautisha kazi ya kubuni na utafiti, kwa upande mmoja, na uhamasishaji kwa upande mwingine. Wanafasiri wa Kiswahili nao wafanyie kazi msamiati wa mapenzi usioazimwa kutoka mahakamani. Sanyu na Anyango walipata barua. Dembe na Sam walipata jukwaa la ugenini. Wanaume wa Kampala waliobaki Kampala bado wanasomwa katika orodha.