Bei Iandikwe Hadharani: Funzo la Mitandao ya Kijamii kwa Wajasiriamali

Wajasiriamali wengi nchini Tanzania wanaouza nguo, viatu na vipodozi kupitia Instagram huweka picha ya bidhaa bila bei, kisha humtaka mteja aulize kwa ujumbe binafsi. Hutetea desturi hiyo kwa hofu ya washindani. Mteja, kwa upande wake, hushuku kuwa bei inapangwa kwa kuangalia sura ya mnunuzi. Swali linaloulizwa chini ya picha huwa pia la wengi wanaosoma kimya, hivyo jibu linaloandikwa hapo hapo huwahudumia wote. Malalamiko nayo yakifutwa huzidisha shaka; yakijibiwa kwa adabu, huwaonesha wengine namna watakavyohudumiwa.

WhatsApp Business, programu isiyolipiwa iliyozinduliwa mwaka 2018, humwezesha muuzaji kuweka orodha ya bidhaa na bei zake, pamoja na ujumbe wa kujibu wateja asipokuwapo. Namba ya simu, anwani na malipo ndiyo mambo yanayostahili ujumbe binafsi. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo mazungumzo na mteja yasibandikwe ukurasani bila ridhaa yake, hata yakiwa ya kumsifu muuzaji.