Kioo cha Gari na Macho ya Kuazima

Ipo teksi moja pale Kilombero, mjini Arusha, ambayo kila inapowashwa sauti ya mwanamke husema jambo kwa Kijapani. "Mwalimu, huyu mama ananisemesha kila asubuhi, nami sijui anataka nini," dereva aliniambia. Anamkumbusha aingize kadi ya kulipia barabara za Japani, gari lilikotoka.

Kisa hiki kinachekesha, ila kina historia ndani yake. Wazo la kumwandikia mwendeshaji habari kwa mwanga juu ya kioo cha mbele lilianzia vitani. Marubani wa ndege za kivita waliwekewa alama ya shabaha kwenye kioo ili wasiinamishe macho. Buccaneer ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958, ilikuwa miongoni mwa ndege za awali kupewa mtambo kamili wa namna hiyo. Mwaka 1988 General Motors ya Marekani iliuhamishia kwenye gari la Oldsmobile. Mwaka 2020 ikaja Mercedes-Benz S-Class yenye mishale inayoonekana kama imelala barabarani, mita 10 mbele, ikimwonyesha dereva pa kukata kona.

Tafakari safari hiyo. Zamani kioo kilimpa dereva habari za gari lake. Sasa kinamfasiria barabara yenyewe. Anayekisanifu ndiye anayeamua kipi kionekane: mistari ya lami tu, au pia ng'ombe wanaovuka Kisongo na bodaboda isiyo na taa? Magari hayo nayo yatatufikia yakiwa yametumika, macho yake yakiwa yamefundishwa barabara za wengine.

Arusha haina udhuru. Chuo cha Ufundi kipo tangu 1978. TEMDO, shirika la umma la usanifu wa mitambo, tangu 1980. Na Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, chini ya Mlima Meru. Tunalo pia funzo chungu: kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichosimamisha uzalishaji mwaka 2009. Hasara ile tuliivumilia, kwa kuwa tairi la mgeni hubeba gari letu vilevile. Jicho la mgeni halioni vilevile.

Basi wanafunzi wetu waanze kupiga picha za barabara zetu na kuzifundisha mashine. Nao wanaokagua breki na taa za magari yanayoingizwa nchini wajiandae kuuliza swali jipya: kioo hiki kinatuona?