Lugha ya Java na Siasa ya Mifumo ya Kompyuta

Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitangaza Java, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa na kundi lililoongozwa na James Gosling. Ahadi yake ilikuwa fupi: andika mara moja, endesha popote. Hapo awali, mwenye programu ya Windows alilazimika kuirekebisha, pengine kuiandika upya, ili itumike kwenye Macintosh au Unix. Java iliweka mkalimani katikati: programu hugeuzwa kuwa msimbo wa kati, na kila mfumo endeshi huwa na mkalimani wake wa kuutekeleza.

Microsoft ilitambua mapema hatari iliyokuwamo. Ikiwa programu zitaendeshwa popote, mnunuzi hatakuwa na sababu ya kushikamana na Windows. Ilichukua leseni ya Java, kisha ikatoa toleo lenye nyongeza zilizofanya kazi kwenye Windows pekee. Sun ilishtaki mwaka 1997. Shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 2001, Microsoft ikilipa dola milioni 20. Mwaka huohuo, katika kesi ya ukiritimba iliyofunguliwa na serikali, Mahakama ya Rufani ilitengua amri ya kuigawa Microsoft, lakini ikathibitisha kwamba iliwapotosha waandishi wa programu za Java kuhusu zana ilizowapa.

Ugomvi huo unatuhusu. DHIS, mfumo wa taarifa za afya ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ulijengwa kwanza juu ya Microsoft Access, hivyo ukafungwa na Windows. Mrithi wake, DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, uliandikwa kwa Java na msimbo wake ukawekwa wazi. Kenya, Tanzania na Uganda ni miongoni mwa nchi zinazoutumia.

Hata hivyo, Java nayo ina mwenyewe. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, na mwaka huohuo ikaishtaki Google kwa matumizi ya Java katika Android. Mahakama Kuu ya Marekani iliipa Google ushindi mwaka 2021 tu. Aliyetoka chini ya bwana mmoja anaweza kujikuta kwa mwingine. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayetia saini mkataba wa mfumo mpya hana budi kuuliza: msimbo ni wa nani, na siku tukihama, takwimu za wananchi tutahama nazo?